Pole ya Mpita Njia

Dar es Salaam mtu anaweza kupewa pole tano kabla ya saa nne asubuhi. Pole na foleni. Pole na jua. Pole na mafua. Pole na kazi, hata kama kazi yenyewe hujaianza. Ukijikwaa kwenye mtaro, mama anayekaanga maandazi upande wa pili wa barabara atapaza sauti, "Pole, mwanangu!", na mwanawe si wewe. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeleta foleni au kuchimba mtaro. Pole haimtafuti mkosaji. Inamtafuta aliyeumia.

Samahani ni kitu kingine. Anayekuambia samahani anakuomba kitu, na kitu hicho kiko mikononi mwako. Hata ile samahani ya kumwuliza mtu njia inaomba: inaomba dakika yake. Ndiyo maana majibu hayafanani. Pole hujibiwa "asante", au "nimeshapoa", kisha kila mtu anaendelea na safari yake. Samahani inaweza kujibiwa "haina neno", inaweza kujibiwa "nimekusamehe", na inaweza kujibiwa kwa kimya. Aliyekosewa ndiye anayechagua.

Ninasoma shahada ya uzamili ya tafsiri, na neno la Kiingereza lililotusumbua kuliko yote darasani halikuwa la falsafa wala la uchumi. Lilikuwa "sorry". Katika Kiingereza cha kale lilitokana na neno la maumivu; lilimhusu mtu mwenye uchungu moyoni. Leo linabeba mizigo miwili. Mwenzako akifiwa, "sorry". Ukimkanyaga mguu, "sorry" hiyohiyo. Mtafsiri hawezi kuliacha likining'inia. Kabla hajaandika neno moja la Kiswahili, lazima aamue kama msemaji ana kosa au hana, na mara nyingi maandishi hayasemi.

Utata huo umefika hadi kwenye mabunge. Mwaka 2006 jimbo la British Columbia, nchini Kanada, lilitunga sheria nzima kuhusu kuomba radhi. Mwaka huohuo, sheria ya fidia ya Uingereza na Wales ikaweka kifungu kinachosema kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Watu waliogopa kusema neno la utu lisije likageuzwa ushahidi mahakamani.

Ni rahisi kujivunia hapo. Sisi tuna maneno mawili, tunahitaji sheria ya nini? Lakini maneno mawili yanampa mkosaji nafasi ya kuchagua lile lisilomgharimu.

Miaka kadhaa iliyopita mdogo wangu alianguka kutoka kwenye mwembe akavunjika mkono. Hospitali waliyompeleka ilimfunga hogo, na wiki sita baadaye lilipofunguliwa, mkono ulikuwa umeunga kwa kupinda. Ikabainika kwamba picha ya eksirei iliyotumika ilikuwa ya mgonjwa mwingine. Ilibidi mfupa uvunjwe upya. Daktari alimtazama mama, akashusha sauti vizuri kabisa, akasema, "Poleni sana, mama. Mambo haya hutokea."

Mama akajibu, "Asante, daktari."

Angejibu nini tena? Pole ina jibu moja tu, na jibu hilo ni shukrani. Ukikaa kimya unaonekana huna adabu. Tulipofika kwenye kituo cha daladala, mdogo wangu katikati yetu ameukumbatia mkono wake, mama alisema, "Amenipa pole kama vile alikuwa anapita njia." Hakusema zaidi. Mpaka leo mdogo wangu akinyoosha mikono yote miwili mbele, mmoja unafika kabla ya mwingine.

Nilikumbuka kauli hiyo mwishoni mwa mwaka 2023, wageni wawili wakubwa walipokuja Afrika Mashariki kwa wakati mmoja. Tarehe 31 Oktoba, jijini Nairobi, Mfalme Charles alizungumzia ukatili waliofanyiwa Wakenya walipokuwa wakipigania uhuru. Alitaja huzuni kubwa na majuto. Wapo Wakenya waliotaka aombe msamaha waziwazi, naye hakufika huko. Siku iliyofuata, Songea, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alizungumzia Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, vilivyoua watu wanaokadiriwa kufikia 300,000. Yeye aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa pale.

Ukizitafsiri hotuba hizo mbili kwa Kiswahili cha nyumbani, hutahangaika sana. Ya Nairobi ilikuwa pole. Pole nzito, iliyovaa suti, na sidhani kama ilikosa uchungu wa kweli. Lakini ilitolewa kana kwamba jirani ndiye aliyefiwa na mtoaji amekuja matangani. Ya Songea ilikuwa samahani. Iliwaachia wenye msiba neno la mwisho.

Bibi yangu ni mzaliwa wa Songea. Amekua akisikia habari za Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na ambaye inaaminika kwamba fuvu lake lilipelekwa Ujerumani. Jioni ile nilimpigia simu kumwuliza kama amesikia Mjerumani ameomba msamaha, na kwamba ameahidi kujaribu kulitafuta fuvu hilo.

"Nimesikia redioni," alisema. Nilisubiri. Nilimsikia akimfukuza kuku jikoni, kisha akarudi kwenye simu.

"Kuomba, ameomba," alisema. "Haya, kichwa kiko wapi?"