Tulipanda kinga mpaka Cluny

Mlitutumia neno kwamba sisi tulio huku Ufaransa tunasoma gazeti hili kila juma lakini hatuandiki kitu. Ni kweli, mtusamehe. Tuko wanne, wote wamama wa Kivu, tunakaa Chalon-sur-Saône, huko Bourgogne, na kazi zetu mnazijua: wawili wanasafisha maofisi kabla jua halijatoka, mmoja anahudumia wazee, mmoja yuko jikoni mwa shule. Hakuna habari nyingi ndani ya hayo. Lakini tangu mwaka juzi kuna jambo tunafanya ambalo wengine wenu mlilisikia kwa simu mkacheka, basi heri tulieleze wenyewe. Tunapanda kinga.

Kwetu kinga ni chombo cha mwanaume na cha mzigo. Mnaijua: makala juu, ndizi pembeni, bidoni ya mawese nyuma, na mwenyewe anaisukuma kwa miguu mlimani. Mwanamke akiikaribia anakaa nyuma, miguu upande mmoja, kikwembe kimefungwa vizuri. Msichana aliyetaka kuipanda mwenyewe aliambiwa mambo ambayo hatutayaandika hapa, maana watoto nao wanasoma gazeti hili. Kwa hiyo sisi wote wanne tulivuka miaka 40 bila kukanyaga pedali hata mara moja.

Kilichotusukuma ni basi. Basi ya kwanza inapita wakati kazi imekwisha kuanza, na mmoja wetu alikuwa anatembea kwa miguu karibu saa nzima katika giza na baridi. Mjini kuna chama kinachofundisha watu wazima kila siku ya posho, katika uwanja wa kuegesha magari. Tulikwenda tukiona haya, tukidhani tutakuwa peke yetu. Tukakuta wamama wa Maroko, wa Uturuki, na bibi mmoja Mfaransa mwenye nywele nyeupe ambaye mume wake hakumruhusu kujifunza mpaka alipokufa.

Mwalimu alianza kwa kutoa pedali. Akashusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikakaa chini, akatuambia tusukume ardhi kwa miguu kama watoto wadogo, kisha tuinue miguu kidogo kidogo. Kinachomwangusha mtu si pedali, ni kukosa mizani, na mizani inakuja yenyewe miguu ikiwa karibu na ardhi. Pedali zilirudi siku ya tatu. Na kila mara neno lake lilikuwa moja: msitazame gurudumu, tazameni pale mnapokwenda. Kama kuna mama kati yenu anayetaka kumfundisha binti yake, afanye hivyo, asikimbie nyuma akishika kiti. Ataumiza mgongo bure.

Mkubwa wetu alikataa kuvaa patalo. Siku ya nne kikwembe chake, kile cha arusi ya mtoto wake wa kwanza, kiliingia kwenye mnyororo kikavutwa duru kwa duru mpaka kinga ikasimama yenyewe. Ilibidi kukata kwa makasi. Aliketi chini pale uwanjani akalia, na hatukujua tuseme nini. Sasa anavaa patalo, na kipande kilichobaki ndicho tunachofungia mikate ya safari.

Mwalimu huyo ndiye alituonyesha njia ya Givry. Givry ni kijiji cha mizabibu, karibu kilomita 9 magharibi ya Chalon. Zamani reli ilipita hapo kwenda Cluny. Treni zikaisha, vyuma vikang'olewa, na mwaka 1997 wakaweka lami mahali pa reli, ikawa njia ya baiskeli na ya waenda kwa miguu tu. Wanaiita voie verte, njia ya kijani, na hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza katika Ufaransa yote. Kutoka Givry mpaka Cluny ni kilomita 44. Gari hairuhusiwi, pikipiki nayo hapana. Tena treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo waliojenga reli walikata vilima na kujaza mabonde, na leo magoti yetu ndiyo yanayoshukuru. Unapita Buxy, Saint-Gengoux-le-National, Cormatin, Taizé. Mwanzoni ni mizabibu, baadaye ni malisho yenye ng'ombe weupe wa Charolais, wanene, wanaoinua kichwa mtu akipita kisha wanaendelea kula.

Mara ya kwanza tulifika Buxy tu, tukarudi. Si kwa sababu ya kuchoka. Tulirudi kwa sababu njia ilikuwa kimya.

Wafaransa wanakitafuta kimya hicho. Wana ramani ambazo barabara kubwa ni nyekundu, za kadiri ni njano, na zile ndogo kabisa ni nyeupe, na mpenda baiskeli anapitisha kidole chake kwenye zile nyeupe. Anataka pale ambapo hakuna mtu. Na sisi, wamama, tumekulia wapi? Kwetu njia yenye kelele ndiyo nzuri. Pikipiki, malori, wauza mandazi, watoto wa shule: ukiwaona hao, unapita. Ukifika mahali ambapo hakuna anayekuja kutoka mbele, unasimama, unauliza. Watu wa bonde la Ruzizi wanajua zaidi: wapitaji wakikoma, kuna kitu wamesikia ambacho wewe hujakisikia. Kati yetu wanne kuna ambaye yuko hai leo kwa sababu mama yake aligeuka nyuma kwa wakati, na wengine waliokuwa njia ileile hawakugeuka. Mwili hausahau hilo eti kwa sababu umepewa karata ya kukaa Ufaransa.

Basi pale njiani, jua zuri, ndege wanaimba, nasi tunatazama nyuma kila mara. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Tuliongea kwa sauti kubwa, tukaimba, kama watu wanaopita makaburi usiku. Mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa akatuambia bonjour, tukashtuka wote wanne pamoja, na mmoja akaingia kwenye majani.

Tulirudi tena, kila juma mbele kidogo. Tulijifunza kwamba siku ya kwanza vijiji vingi hufunga maduka, hata la mkate, na kwamba saa za mchana kila kitu kinalala. Kwa hiyo tunabeba chetu, mayai ya kuchemsha na mikate. Tulijifunza pia habari ya maji. Kijiji kinaweza kukosa duka, lakini makaburi hayakosi, na huko kuna bomba la kumwagilia maua. Wapanda baiskeli wa Ufaransa hujaza chupa zao hapo bila wasiwasi, wakisha kutazama kama hakuna kibao kinachosema maji si ya kunywa. Wawili wetu wanakunywa. Mmoja anasema atakunywa siku atakapokuwa yeye mwenyewe ndani ya yale makaburi. Mkubwa wetu haingii hata getini, anasubiri nje na chupa yake ya nyumbani.

Mwaka jana, mwezi wa tano, mwenzetu wa bonde alisema mwenyewe kwamba tutoke kwenye njia ya kijani tujaribu barabara ya kweli. Tulifurahi, maana alikuwa ndiye mwoga kuliko wote. Pale Cormatin tulichukua barabara ya D14 inayokwenda Chapaize. Hizi barabara za D ni za majimbo, zina namba na vijiwe vya njano pembeni, na hii inakwenda mbele mpaka Tournus. Chapaize ni nyumba chache tu na kanisa la zamani sana lenye mnara mrefu kupita kiasi kwa kijiji hicho. Tulikula hapo kivulini. Mbele barabara inapanda pole pole kwenda Brancion, na miti inaifunika.

Hapo ndipo alisimama. Aliweka mguu chini, akashika breki zote mbili kwa nguvu mpaka vidole vikawa vyeupe, akasema: mimi siingii. Hatukumcheka. Kusema kweli tulikuwa tumekwisha kushuka wote. Tulisimama pale katika mstari, kinga zetu mkononi, tukisikiliza. Hakuna kitu. Hata majani hayakutikisika. Mmoja akasema turudi, mwingine akasema tungojee kidogo tuone kama kuna mtu atakayetokea upande wa pili, kama tunavyofanya kwetu.

Tukasikia mtambo nyuma yetu. Tulivuta kinga mpaka majanini, mkubwa wetu akamshika mwenzetu mkono. Ilikuwa gari ndogo ya njano ya posta. Sheria ya huku inataka gari ipite mbali na mwenye baiskeli, mita moja na nusu nje ya mji, na yule mama wa posta alitupa zaidi ya hapo: alikwenda upande wa pili wa barabara kabisa, akapunguza mwendo, akainua mkono kutusalimu, akaingia kwenye miti. Tulisikia gari lake likipanda, likibadilisha vitesi, likifika juu. Kisha kimya.

Mwenzetu alisema: basi amefika.

Tukapanda. Sehemu nyingi tulisukuma kwa miguu, maana mlima ule si wa treni. Juu kabisa kuna kijiji kidogo na ngome ya mawe, na ukitazama magharibi unaona bonde lote la mto Grosne tulikotoka. Mwenzetu alipiga picha ya barabara tuliyopandia. Alipiga nyingi, zote za barabara, hakuna hata moja yetu.

Cluny tulifika mwezi wa saba. Zaidi ya kilomita 50 kutoka mlangoni petu, siku moja, na mapumziko mengi ambayo hatutayahesabu. Kulikuwa na monasteri iliyoanzishwa mwaka 910, na kanisa lake kwa muda mrefu lilikuwa kubwa kuliko yote ya Wakristo. Baada ya mapinduzi ya Ufaransa watu walilibomoa wakauza mawe, sasa umebaki upande mdogo tu. Tulilitazama haraka, miguu ikituuma. Tulilala hapo. Kesho yake tulitaka kuona handaki la reli ya zamani lililo mbele ya mji, kilomita 1.6 ndani ya mlima, lenye taa. Lilikuwa wazi. Lakini wakati wa baridi hufungwa, kwa sababu popo wanalala humo na watu hawataki kuwaamsha. Mwenye baiskeli anazunguka juu ya kilima. Watoto wetu walipoambiwa walicheka sana, barabara kufungwa kwa ajili ya popo. Sisi watu wazima tulitazamana. Tunazijua barabara zilizofungwa.

Jioni ile pale Cluny mwenzetu wa bonde alimpigia mama yake kwa simu. Alimwambia: mama, leo nimekwenda kilomita zaidi ya 50 kwa kinga. Sauti ilikuwa wazi, sote tulisikia mama akinyamaza. Kisha akauliza: ulikuwa unakimbia nini?

Alimweleza. Hakuna kitu, mama, tunatembea tu, ni kongé. Mama hakuamini, akataka kuona. Basi akamtumia ile picha ya barabara ya Brancion, miti pande mbili na lami katikati. Tulingoja, intaneti ya huko mnaijua. Mama akapiga mwenyewe.

«Mbona hakuna watu?» akasema. «Walikwenda wapi?»

«Wako nyumbani, mama. Ilikuwa saa sita. Walikuwa wanakula.»

«Wote?»

«Wote, mama.»