Majuma Sita ya Mwanangu

Katika kurasa hizi za nyumbani tumezoea kusoma habari za malezi, za mapishi na za afya ya watoto. Leo naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya kandanda, mchezo ambao akina baba hudhani sisi akina mama twaujua kwa kufua jezi tu. Mimi ni mke wa askari, mkazi wa Buyenzi hapa Bujumbura. Kandanda ya vijana iliingia nyumbani mwangu kwa mlango wa mbele, ikakaa kitini, ikataka jibu. Kabla ya kueleza jibu nililolitoa, hapana budi nianze na mwaka 1995, kwa maana ndiko lilikotoka.

Wenye umri wangu watakumbuka jinsi mji huu ulivyopenda mpira katika miaka ile. Mwaka 1992 Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, ikashindwa na Africa Sports ya Ivory Coast. Mwaka 1993 timu ya taifa, Intamba mu Rugamba, yaani mbayuwayu vitani, ilikosa nafasi ya kwenda fainali za Afrika kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Guinea. Kisha vikaja vita vilivyoanza Oktoba 1993, na mpira ukawa jambo dogo kuliko mkate wa kesho.

Hata hivyo, katikati ya giza hilo, vijana wetu walio chini ya miaka 20 walifanya jambo ambalo wakubwa wao hawakuwahi kulifanya. Mwanzoni mwa mwaka 1995 walikwenda Nigeria kwenye mashindano ya vijana ya Afrika, wakafika fainali. Kamerun iliwashinda, lakini nafasi mbili za Afrika katika Kombe la Dunia la Vijana zilikwenda kwa timu hizo mbili. Mashindano hayo ya dunia yalifanyika Qatar mwezi Aprili mwaka huo huo.

Sisi tulizipata habari hizo tukiwa nje ya nchi yetu. Mwishoni mwa Machi 1995 mitaa ya Bwiza na Buyenzi ilikumbwa na mapigano, na watu kwa maelfu wakauhama mji. Mama yangu alituvusha mpaka tukaingia Uvira, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Nilikuwa msichana wa miaka 14. Tulipewa chumba kimoja katika ua wa mtu mwema, na mwenye ua alikuwa na redio ambayo jioni aliiweka dirishani ili wote tusikie.

Hivyo ndivyo nilivyoyasikia matokeo ya Qatar. Mchezo wa kwanza Hispania ilitufunga mabao 5 kwa 1. Katika kikosi chao alikuwamo Raúl, kijana ambaye tayari alikuwa akiichezea Real Madrid. Watu uani walitikisa vichwa wakasema, tulijua. Mchezo wa pili ulikuwa na Chile. Tulitoka sare, bao 1 kwa 1. Nakumbuka wanaume waliokuwa wameketi kimya tangu tuvuke mpaka walisimama wote kwa pamoja, na mzee mmoja akamtaka mwenye redio athibitishe kwamba alisikia sawasawa, kana kwamba yule ndiye aliyekuwa akisoma habari. Mchezo wa tatu Japani ilitufunga mabao 2 kwa bila, na safari ikaishia hapo.

Michezo mitatu, mabao mawili ya kufunga, mabao manane ya kufungwa, alama moja. Hiyo ndiyo hesabu ya Burundi katika Kombe la Dunia la Vijana la 1995. Mtu anayeisoma leo aweza kusema ni hesabu ya kufedhehesha. Mimi niliyeisikia dirishani Uvira sikuiona hivyo, wala siioni hivyo sasa.

Jambo la pili ninalolikumbuka Uvira ni dogo zaidi. Tulipokimbia, mama alibeba sufuria, blanketi na mdogo wangu mgongoni. Sanduku la karatasi lilibaki nyumbani, na hatukulikuta tena. Siku ya kuandikishwa, mwandishi mmoja alinitazama mara moja, akaona nilivyo mwembamba, akaandika miaka 12. Hakuwa na nia mbaya. Lakini tuliporudi Bujumbura umri ule ulinifuata shuleni na kwenye kitambulisho, na hata siku ya ndoa yangu ilibidi wazee waitwe kueleza. Kwa miaka mingi nimekuwa mtu mwenye umri mara mbili, mmoja wa mama yangu na mmoja wa karatasi.

Kwa hiyo mwanangu wa kwanza alipozaliwa tarehe 19 Novemba 2001, nilimwambia baba yake kwamba sitaki zawadi nyingine isipokuwa cheti cha mtoto. Alikwenda kumwandikisha kabla sijatoka arobaini. Cheti kile nilikitia ndani ya mfuko wa nailoni, nikauweka katika kopo la maziwa ya unga, na kila mtu nyumbani alijua kwamba siku ya moto au ya bunduki kopo lile hutoka kwanza.

Sasa nafika mwaka 2018. Baba watoto alikuwa Somalia pamoja na majeshi yetu ya kulinda amani, ambayo yalianza kwenda huko Desemba 2007. Mwanangu alikuwa na miaka 16 na alicheza winga ya kushoto katika timu ya mtaani. Sisemi haya kwa kuwa ni mtoto wangu. Hata majirani wasiotupenda walikuja kumtazama. Nchi yetu ilikuwa ikijiandaa kuwa mwenyeji, mwezi Aprili, wa mashindano ya Afrika Mashariki na Kati ya vijana walio chini ya miaka 17. Mitaani hapakuwa na mazungumzo mengine.

Jioni moja alifika mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa mtafuta vijana. Sikujua aliyemtuma, wala simshiki mtu mwingine kwa maneno yake. Aliketi, akakubali chai, akamsifu kijana. Kisha akasema, "Mama, kuna kikwazo kidogo. Wanataka waliozaliwa tangu tarehe 1 Januari 2002. Kijana wako amekosa kwa majuma sita."

Nikamwambia basi, hiyo ndiyo riziki yake.

Akacheka kwa upole. "Majuma sita, mama! Si miaka sita. Karatasi ni karatasi. Nipe kile cheti na kiasi kidogo cha gharama, nami nitakuletea kingine. Nani atadhurika?"

Sitawadanganya, wasomaji wangu. Sikumfukuza. Nilimwambia arudi baada ya siku tatu, na usiku wa kwanza nilihesabu kwa vidole vyangu kutoka 19 Novemba hadi 1 Januari mara nyingi, kana kwamba siku zingepungua. Niliwaza safari, jezi ya taifa, labda shule ya bure, labda klabu ya ng'ambo. Niliwaza bei ya mchele. Na nyuma ya pazia mwanangu alikuwa macho, nami nilijua kwamba alikuwa macho, kwa kuwa hakuwa akikoroma.

Usiku wa pili nilipata simu ya baba watoto. Nilimweleza yote. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Mwaka huu tutampunguzia majuma sita. Cheti cha shule kina tarehe gani? Kitambulisho chake kitaandikwa tarehe gani? Siku akitaka kuandikishwa jeshini kama mimi, atasema alizaliwa lini?" Nikamjibu kwamba sijui. Akasema, "Wewe ndiwe unayejua kuliko sisi sote." Simu ikakatika kweli.

Usiku wa tatu nilimkumbuka mtoto wa jirani yangu wa nyumba ya nne. Alizaliwa Machi 2002. Nakumbuka kwa sababu mimi nilikuwa nikimnyonyesha wangu nilipokwenda kumpa mama yake pongezi. Naye alicheza winga ya kushoto katika timu ile ile, na kwa kawaida alikaa nje akimsubiri mwanangu achoke. Yule mgeni aliuliza nani atadhurika. Yamkini ni mtoto huyu, ambaye nilimbeba siku ya nane ya maisha yake.

Mgeni aliporudi nilimpa chai tena, nikamwambia kopo halifunguliwi. Aliondoka bila kugombana. Yeye alikuwa na nyumba nyingine za kwenda.

Mwanangu hakuzungumza nami kwa muda wa mwezi mzima. Alinisalimia kama asalimiavyo mtu dukani. Mashindano yalipoanza Aprili, habari zikaja kwamba timu ya Zanzibar imeondolewa kwa sababu ya wachezaji waliozaliwa kabla ya tarehe 1 Januari 2002. Nilidhani sasa atanielewa. Alinitazama, akaniambia, "Mama, wale wamerudishwa, lakini walau walifika." Sikuwa na jibu. Niliwahurumia akina mama wa Unguja na Pemba waliokwenda kuwapokea watoto wao, kwa maana aibu ya karatasi humwangukia mtoto, ambaye si yeye aliyeiandika. Mwishowe Tanzania ilitwaa kombe kwa kuifunga Somalia mabao 2 kwa bila.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia mambo haya kuliko akina baba wengi. Nimejua kwamba Nigeria ilifungiwa miaka miwili katika mashindano ya vijana mwaka 1989 kwa sababu ya tarehe za kuzaliwa zisizopatana, ikapoteza na heshima ya kuandaa Kombe la Dunia la Vijana la 1991, ambalo lilipelekwa Ureno. Nimejua kwamba mwaka 2019 Guinea, baada ya kufika fainali ya Afrika ya vijana wa chini ya miaka 17 kule Dar es Salaam, iliondolewa kwa sababu wachezaji wake wawili walikuwa wameandikishwa kwa tarehe nyingine katika mashindano ya Japani miaka miwili nyuma, na nafasi yake ya kwenda Kombe la Dunia ikachukuliwa na Senegal. Na nimejua kwamba tangu mwaka 2009 shirikisho la kandanda la dunia hupima kifundo cha mkono cha vijana wa umri huo kwa mashine ya sumaku. Mfupa wa mkono karibu na kifundo huwa na sehemu laini ambayo kwayo hukua. Sehemu hiyo ikiisha kufungika kabisa, ni nadra sana kijana kuwa bado hajatimiza miaka 17. Mashine ile haijui majuma sita, lakini inatisha wanaoficha miaka mitatu na minne.

Na vijana wetu? Februari 2019 timu yetu ya chini ya miaka 20 ilicheza fainali za Afrika huko Niger, ikaishia hatua ya makundi. Mwaka huo huo wakubwa walifika kwa mara ya kwanza fainali za Mataifa ya Afrika, kule Misri, wakafungwa michezo yote mitatu bila kupata bao. Tulisikitika, lakini siku walipopata nafasi hiyo kwa kutoka sare 1 kwa 1 na Gabon hapa hapa Bujumbura, tarehe 23 Machi 2019, Buyenzi haikulala. Mwanangu naye alikuwa barabarani, akiimba mpaka sauti ikakauka.

Leo ni fundi wa kuchomelea vyuma, hapa hapa mtaani. Jumapili hucheza mpira na wenzake, na bado mguu wake wa kushoto huwafanya wapita njia wasimame. Hakuvaa jezi ya taifa. Mtoto wa jirani hakuivaa pia. Mpaka leo mwanangu hajaniambia kwamba nilifanya vema, wala sijamwuliza.

Akina mama na akina baba wenzangu, hasa ninyi mlioko kambini na katika vituo vya polisi, ambao watoto wenu hukua mkiwa mbali: mtu atakapokuja nyumbani kumsifu mtoto, mpeni chai. Msikilizeni. Lakini mwandikisheni mtoto mapema, katika siku zake za mwanzo, na cheti chake mkitunze pahali ambapo kila mtu nyumbani anapajua, ili siku ya swali jibu liwe limekwisha kuandikwa. Na timu ya vijana ikifungwa mabao matano, msiwacheke. Hesabu yake ni ndogo, lakini na tuiache iwe ya vijana wenyewe.