Kilio cha Anayeanguka

Kompyuta mpakato ya usharika, yenye daftari la ubatizo, hupanda nasi kutoka Mombo hadi Lushoto, kona baada ya kona. Ndani yake mna kihisi kidogo: mashine ikianza kuanguka hutoa taarifa, na vichwa vya diski huondolewa juu ya sahani kabla haijagonga chini.

Kwetu ulinzi huo haukufanya kazi. Kijana wetu mmoja, fundi, akagundua kuwa kihisi ni kizima. Ila kiendeshi chake katika kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, hutambua vihisi kwa orodha ya majina, na jina la chetu halikuwamo. Akaongeza mstari mmoja, akaiunda kerneli upya. Kilio kikasikiwa.

Tulifurahi, kisha tukanyamaza. Soni kuna mzee aliyefiwa na mkewe, akatuambia kwamba analemewa. Sisi tulikuwa tukisoma majina ya waliotimiza ahadi, lake halikuwamo.

Petro alipoanza kuzama aliita, na Bwana akamshika mkono mara moja. Hakutafuta kwanza jina lake daftarini.

Jumamosi hiyo tulishuka Soni.