Jiwe la Ruangwa na Somo la Nachingwea

Ukitoka Lindi kwenda Masasi utapita Mtama na Nyangao, na ukifika Nanganga utaona njia ishikayo mkono wa kulia. Ifuate. Baada ya kilometa 53 hivi utakuwa Ruangwa, kati ya mikorosho na mashamba ya ufuta. Na ukizidi kwenda utaingia Nachingwea. Twende pamoja leo, maana njia hii ina mambo mawili yawafaayo vijana wetu, wale watazamao juu na kuuliza: roketi huendaje angani, na je, mtu wa kwetu aweza kuiunda?

Jambo la kwanza liko chini ya miguu yako. Katika ardhi ya Ruangwa, kama kule Matambarale, mna madini yaitwayo kinywe. Ukiokota kipande, vidole vitakuwa vyeusi na vyenye utelezi, kana kwamba umeshika mafuta. Ndicho kilichomo ndani ya penseli ya mtoto wako. Siku hizi kinatafutwa sana kwa ajili ya betri za magari. Lakini kina kazi nyingine isiyojulikana na wengi: hukaa kooni mwa roketi.

Sikiliza jinsi ilivyo. Roketi ni kama bomba lililozibwa juu, na chini lina tundu jembamba. Ndani huwaka moto mkali. Moshi wake hukimbilia chini kwa nguvu, na bomba husukumwa juu. Nguvu yote hupita katika tundu lile, nalo ndilo koo. Koo la chuma laweza kuliwa na moto; likipanuka, nguvu hupotea. Kinywe hakiyeyuki upesi kama chuma, na kuchongeka kwake ni rahisi. Kwa sababu hiyo wengi waundao roketi ndogo pamoja na rafiki zao huchonga koo la kinywe.

Halafu kuna shida ya uzito. Mfikiri mtu wa zamani aliyetoka Liwale kwa miguu kwenda pwani, amejitwika vikapu vitatu vya chakula. Kikapu cha kwanza kikiisha, je, atakibeba kitupu mpaka Lindi? La, atakiacha njiani aende mwepesi. Ndivyo ilivyo roketi ya vipande. Kipande cha chini huwaka kwanza, kikiisha huanguka, na cha juu yake huwaka. Roketi za Scout zilizorushwa toka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, zilikuwa na vipande vinne. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, mojawapo ilipeleka juu chombo cha kuchunguza nyota, nacho kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Kazi ile ilikuwa ya Wamarekani na Waitalia. Lakini leo wako na watu wetu. Huko Juja, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huunda roketi ndogo kwa jina la Nakuja. Huko Kongo, mhandisi Jean-Patrice Keka alirusha roketi zake za Troposphere. Ile ya tano, mwaka wa 2009, ilibeba panya, lakini iliacha njia yake ikaanguka.

Basi usidhani ni mchezo. Kipande cha kwanza kikiinama kidogo, kisha cha pili kikawaka, roketi haitakwenda juu tena, itakwenda kijijini. Hivyo hapana budi kila kipande kijaribiwe peke yake, kikiwa kimefungwa imara chini na watu wamekaa mbali. Asiyekuwa na subira ya kujaribu, heri asianze.

Na hapo ndipo tunapofika Nachingwea, kwenye jambo la pili. Mwaka wa 1946 Waingereza watatu walizunguka Tanganyika kwa wiki tisa, nchi nyingi wakiitazama toka kwenye ndege. Mwaka uliofuata kazi ya karanga ilianza, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Walikusudia ekari zaidi ya milioni tatu, pasipo kuanza na shamba dogo la kujaribia. Misitu ilikatwa na reli ikalazwa. Mwaka wa 1951 mpango ulivunjwa, na paundi milioni 36 hivi zikapotea. Bandari ya Mtwara, iliyokusudiwa kuchukua karanga zile, ilimalizika mwaka wa 1954, karanga zenyewe hazipo. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliwasha vipande vyote kwa mara moja.

Tena angalia. Baadaye mabwana shamba wa kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, walishika kazi ile ile kwa vishamba vidogo, msimu baada ya msimu. Mwaka wa 2009 mbegu mpya za karanga zilitolewa kwa wakulima, na moja yaitwa Nachingwea. Karanga ilikubali, ilipoulizwa polepole.

Kwa hiyo, baba na mama, kijana wako akitaka roketi usimkemee, wala usimwache achezee baruti au viberiti. Vimekwisha kuwakata wengi vidole na kuwapofusha macho. Mpe chupa ya soda ya plastiki, kamwe si ya kioo. Atie maji theluthi moja, aizibe kwa kizibo kilichobana chenye sindano ya pampu ya baiskeli, aisimamishe mdomo chini, kisha apige pampu uwanjani, mtu mzima akiwapo na mtu yeyote asiinamie juu yake. Kizibo kitafyatuka, maji yatashuka, chupa itapaa. Mwambie aandike katika daftari maji yalikuwa kiasi gani na chupa ilifika wapi, ajaribu tena na rafiki zake. Hicho ndicho kipande cha kwanza.

Na akiuliza koo la roketi kubwa hutengenezwa kwa kitu gani, mwonyeshe ncha ya penseli anayoandikia.