Unasikia, Mwalimu?

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifundisha methali isemayo "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu". Niliiandika ubaoni kila mwaka, nikawaeleza wanafunzi kwamba "guu" limewekwa mahali pa "mguu" ili lipatane kwa sauti na "mkuu", kisha nikawataka watunge kisa kitakachoishia kwa methali hiyo. Visa vyao vilifanana: kijana mkaidi, mti mrefu, tawi bovu. Sikuwahi hata mara moja kujiuliza kwa nini wahenga, katika viungo vyote vya mwili, waliliunganisha sikio na mguu. Jibu lilinijia nikiwa nimekwisha kustaafu, nimelala chali juu ya kitanda cha kliniki, macho nimeyafumba, na binti mmoja muuguzi akiugusa unyayo wangu kwa uzi.

Nianze na moto, maana ndio ulionipeleka huko.

Ibaba yetu ni ya vilima, na mwezi wa Juni ukiingia baridi yake haina mzaha. Jioni kila mwenye akili hurudi jikoni. Mwaka jana, jioni moja ya namna hiyo, nilikuwa nimeketi kwenye kigoda, miguu nimeielekeza kwenye mafiga, nikimsimulia mjukuu wangu hadithi ya sungura. Hadithi haijafika kati, mtoto akanikatiza.

"Babu, soksi yako inatoa moshi."

Nilidhani anatania. Nikatazama chini, nikaona kweli: soksi ya mguu wa kulia ilikuwa imeanza kukunjamana karibu na kidole gumba, na moshi mwembamba unapanda. Mke wangu aliivua polepole. Chini ya kidole palikuwa na lengelenge pana kama kifuniko cha chupa ya soda. Nikalibonyeza kwa kidole cha mkono, nikacheka.

"Haliumi," nikasema. "Hata kidogo."

Mke wangu hakucheka. Alinitazama, akasema, "Baba, hilo ndilo neno alilolisema mwenzako."

Mwenzangu huyo tulifundisha naye shule moja kwa miaka mingi, yeye Jiografia, mimi Kiswahili. Wote wawili tulikuwa na kisukari, na tulizoea kutaniana kuhusu chai isiyo na sukari. Siku moja kiatu kipya kilimchubua chini ya kidole. Alifunga kitambaa, akaendelea kusimama darasani. Kila tulipomuuliza, alijibu kwamba haliumi. Miezi ikapita, kidonda kikageuka donda ndugu, na mguu ukakatwa chini ya goti. Hakuishi sana baada ya hapo.

Msibani nilipewa heshima ya kusoma tanzia. Nilitunga beti sita, na kibwagizo changu kiliwataka wanafunzi wake wazifuate nyayo zake. Watu walilia. Nilirudi kukaa nikiwa na huzuni, lakini pia, nakiri, nikiwa na fahari kidogo ya mtunzi aliyeona vina vyake vimefanya kazi. Wiki moja baadaye nilikwenda kumjulia hali mjane. Alinishukuru kwa shairi. Kisha akasema, bila hasira yoyote sautini, "Shemeji, nyayo umezitaja mara sita. Mwenzako tumemzika na mmoja."

Sikuwa na la kujibu. Ninyi mnaotunga mnajua jinsi sitiari inavyozeeka. Neno hutumika mpaka likapoteza mwili wake; tunasema "nyayo" na hatuoni tena ngozi, wala kisigino, wala kucha. Mimi niliimba nyayo mbele ya jeneza la mtu aliyeuawa na unyayo wake, na sikuona lolote. Ganzi hiyo ilikuwa yangu kabla kisukari hakijaiteremsha miguuni.

Basi usiku ule wa moto sikulala vizuri. Alfajiri nilipanda bodaboda kushuka vilima, kisha gari la kwenda Mbeya, ambako niliambiwa kuna kliniki inayoangalia miguu ya wenye kisukari.

Njiani nilifikiri juu ya jina la mtu ninayekwenda kumwona. Ulaya na Marekani wapo matabibu wanaosomea miguu peke yake, kuanzia kifundo hadi ukucha, na jina lao limeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja likiwa mguu, jingine likiwa tabibu. Sisi tuna daktari wa meno, daktari wa macho, daktari wa mifupa. Huyu wa miguu hana jina kwa sababu kwetu ni nadra kumkuta, na kazi yake hufanywa na wauguzi na madaktari wa kisukari. Kuna waliojitahidi. Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam ameutumikia mguu wa mgonjwa wa kisukari kwa miaka mingi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania na India zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoanzisha mpango ambao jina lake kwa lugha yetu lingekuwa "Hatua kwa Hatua". Mpango huo uliwafundisha watumishi wawili wawili, daktari na muuguzi wake, kisha ukawarudisha pamoja kwenye vituo vyao. Nilipendezwa na jambo hilo: elimu ya miguu kutembea kwa jozi.

Ila tumwite nani mtu huyu? "Tabibu wa miguu" halitoshi, maana mguu wa Kiswahili ni mrefu. Unaanzia nyongani na kuishia vidoleni, na ndani yake mna paja, goti, muundi, kigimbi, kifundo, kisigino na wayo. Mzee akisema mguu unamuuma, muuguzi lazima amwambie aonyeshe kwa kidole. "Tabibu wa nyayo" lina sauti nzuri zaidi, lakini ndugu zetu wa Kenya watatabasamu. Kwao neno hilo limebeba siasa tangu 1978, Rais Moi aliposhika madaraka akaahidi kufuata nyayo za Mzee Kenyatta. Wana uwanja wa Nyayo na jumba la Nyayo, na tabibu wa nyayo wanaweza kumdhania kuwa mtumishi wa serikali ya zamani. Nililiacha swali hilo bila jibu, gari likafika.

Muuguzi aliyenipokea alikuwa wa umri wa binti yangu wa mwisho. Aliniamkia, akaniuliza kazi niliyoifanya, na tangu hapo hakuniita kwa jina bali "Mwalimu". Alinivua viatu mwenyewe. Niliona aibu. Nina magaga kwenye visigino tangu utoto wa kutembea peku, na kucha zangu nilikuwa nazikata kwa wembe. Hakusema neno. Alipitisha mkono ndani ya viatu vyangu kabla ya kunigusa mimi, akatoa punje ya mahindi.

"Umetembea nayo tangu lini, Mwalimu?"

Sikujua. Huenda tangu Ibaba.

Akaweka vidole viwili juu ya mguu, kisha nyuma ya kifundo kwa ndani, akitafuta mapigo ya damu. Aliyapata yote mawili, akasema nimshukuru Mungu. Akatoa kitu kama kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni kwenye ncha. Alinieleza kwamba uzi ule umetengenezwa upinde kwa nguvu ya gramu 10, wala si zaidi. Kwanza alinigusa nao mkononi ili niujue. Kisha akaniambia nifumbe macho, na kila nitakapougundua nimjibu.

"Unasikia?"

"Ndiyo."

"Hapa, unasikia?"

"Ndiyo."

"Na sasa?"

Nilinyamaza kidogo. Sikuwa nimepata kitu. Lakini ukimya ulirefuka, nami nikaogopa kuonekana nimeshindwa, nikasema, "Ndiyo."

"Mwalimu," akasema kwa upole, "sijakugusa."

Ningeweza kukueleza mengi juu ya wanafunzi niliowaadhibu kwa kubahatisha majibu. Nilikuwa naliona jibu la kubahatisha kutoka mbali. Niliwaambia kwamba asiyejua aseme hajui, na hapo ndipo nitakapoanza kumfundisha. Sasa nilikuwa nimelala pale, mzee wa miaka sitini na zaidi, nikiuibia mtihani mguu wangu mwenyewe.

"Sisikii," nikasema. "Tuanze upya."

Tulianza upya. Kati ya sehemu kumi alizonigusa mguu wa kulia, nilizipata nne. Wa kushoto, sita.

Hapo ndipo neno lile liliponishika. Nilikuwa mwalimu mkali juu ya "kusikia". Mwanafunzi akiandika "nilisikia harufu", nilikata kwa kalamu nyekundu na kuandika "nilinusa". Akisema "nasikia baridi", nilimtaka aseme "nahisi". Niliamini kwamba sikio lina kazi moja, na kwamba wanaochanganya hawajui lugha. Lakini Kiswahili cha watu hakikunitii, nacho kilikuwa na haki. Tunasikia njaa, tunasikia usingizi, tunasikia uchungu, kwa sababu mwili mzima huletewa habari, na kusikia ni kuipokea habari hiyo na kuijali. Ndiyo maana mtoto asiyetii tunasema hasikii, ingawa masikio yake ni mazima. Maumivu ni sauti. Yule "mkuu" wa methali, kwa mtu mwenye kisukari, hakai kwenye kiti cha wazee. Yumo ndani ya kidole, anapiga kelele mwiba unapoingia. Akinyamaza yeye, guu litavunjika bila mwenyewe kujua.

Muuguzi alinieleza kwa nini amenyamaza. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, na mara nyingi huanza na ile mirefu kuliko yote, yaani inayofika miguuni. Ganzi hupanda kama soksi inayovutwa. Mtu hukanyaga msumari na kuendelea na safari. Hujichoma motoni akisimulia hadithi. Hata kifundo huweza kuvimba na kupata joto, mifupa ikisagika ndani, naye akaendelea kukikanyaga kwa kuwa hakimkatazi. "Ukiniambia haliumi," alisema, "mimi ndipo ninapoogopa."

Alinisafisha lengelenge, akanifunga, akaniandikia siku ya kurudi. Kisha akanipa masharti, nami nikayaandika kwenye daftari kama mwanafunzi. Nisitembee peku hata ndani ya nyumba. Nisiote moto kwa miguu; nivae soksi nzito na kukaa mbali. Maji ya kuogea niyapime kwa kiwiko, kwa kuwa mguu wangu si shahidi tena. Nikaushe katikati ya vidole, nipake mafuta visigino lakini si kati ya vidole. Kucha nizikate kwa kwenda sawa, sugu nisizichonge kwa wembe. Viatu ninunue alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, na kila asubuhi nipitishe mkono ndani kabla ya kuvaa. Na kila jioni nizitazame nyayo zangu. Nikishindwa kuinama, niweke kioo sakafuni au nimwombe mtu.

Mtu wangu ni yule mjukuu. Kila jioni huleta taa, hupiga magoti, hukagua kidole kimoja baada ya kingine kwa makini ambayo shuleni sijui kama anayo. Akimaliza hutangaza, "Salama, Babu." Magaga yamepungua. Lengelenge lilichukua wiki saba kupona. Wiki saba kwa hadithi moja ya sungura.

Mjane wa mwenzangu nilikwenda kumwona tena. Nilimwambia yaliyonipata, nikamwomba radhi kwa zile nyayo sita. Aliniambia nisijisumbue, kisha akaniomba nivue viatu. Alizitazama nyayo zangu kwa muda mrefu, akasema, "Zitunze hizo, shemeji." Nilirudi nyumbani nikaitoa ile tanzia kwenye faili. Sikuifuta. Nimeiandikia ubeti mmoja pembeni, wa saba, ambao hauna fahari:

Naapa kwako unyayo, sitakusahau tena,
Husemi uliyo nayo, hata ukichomwa sana,
Kila jioni kwa moyo, nakukagua bayana,
Usichosikia wayo, jicho langu litaona.

Wajuzi wa lugha mnaosoma hapa, nisaidieni jina la tabibu huyu, ili siku moja liandikwe mlangoni na mzee wa kijijini alisome bila kuuliza. Na kama mnacho kisukari, au mnaishi na mwenye nacho, jina linaweza kusubiri. Vueni soksi leo usiku, mwite mtoto alete taa.