Kamba wa Kizingitini na Soko la Ng'ambo

Kizingitini umekaa kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Pate, mji wa Wabajuni ambao mazungumzo yake, yaanzie popote, huishia baharini. Tulijaaliwa kufika wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na msimu wa kamba umepamba moto. Twasema kamba mawe, wale wakubwa wa miambani, si kamba wadogo wa mchuzi.

Uvuvi wao ni elimu yenye heshima yake. Mzamiaji hushuka na pweza aliyefungwa kwenye kijiti, akamsogeza kwenye mdomo wa pango. Kamba, ambaye humhofu pweza kuliko anavyomhofu mwanadamu, hutoka mbio na kuangukia wavuni. Hutoka mzima, bila jeraha, na hivyo ndivyo mnunuzi wa mbali amtakavyo.

Kuuza ng'ambo si jambo geni pande hizi. Wazee wetu walipakia boriti za mikoko majahazini wakazipeleka Arabuni na Ghuba, hadi serikali ilipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 1982. Na kamba naye husafiri: kwa mashua hadi Mokowe, kwa gari zaidi ya kilomita 300 hadi Mombasa, kisha angani. Lakini husafiri kwa jina la mtu mwengine. Mvuvi humuuza papo hapo ufukweni, mara nyingi kwa tajiri yule yule aliyemkopesha mafuta na nyavu, na mwenye kudaiwa hapangi bei.

Kijana mmoja alituuliza, "Mwenye dau moja atauzaje Ulaya?" Peke yake hawezi, wala tusimdanganye. Soko la Ulaya hudai cheti cha afya cha serikali, kiwanda kilichoidhinishwa, na maandishi ya samaki alikovuliwa. Lakini wavuvi kumi, kwa kupitia BMU yao, waweza kuchanga wakajenga kizimba cha kuwaweka kamba hai majini. Hapo hawatauza jioni ile ile kwa kuogopa kamba asife mikononi mwao. Watangoja wapate mzigo wa kutosha, kisha watume wawili wao Mombasa wakapatane na kiwanda ana kwa ana.

Kilichotutia wasiwasi zaidi ni daftari. Mauzo mengi yamo kichwani tu, ilhali aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana madeni. Kwa upande wa amana, hatukuwa na shaka: tulimwona mzee akimrudisha majini jike mwenye mayai, ambaye sheria yakataza kumvua, na dalali amesimama kando akimtazama.

Kusi ikianza, wengi watakuwa nchi kavu kwa miezi. Huo ni wasaa wa kuandikisha ushirika, kulipa madeni madogo na kufungua daftari la kwanza, ili kaskazi ijayo iwakute tayari, inshaallah.