Dizaini ni Bure Ukichapa Hapa

Nyuma ya kaunta ya duka anakofanya kazi binamu yangu, hatua chache kutoka stegi ya matatu mjini Nyeri, pamebandikwa karatasi kwa selotepu: DIZAINI NI BURE UKICHAPA HAPA. Aliikuta siku alipoingia pale kama mwanafunzi wa atachimenti, yaani mafunzo kazini, na bado ipo. Nilipoiona mara ya kwanza, nikiwa likizoni kutoka Uingereza, nilicheka. Siku hizi sicheki. Nikiulizwa kazi yetu ya usanifu wa michoro ina tofauti gani huku ughaibuni na kule nyumbani, jibu langu huanzia kwenye karatasi ile.

Mimi na binamu tulimaliza masomo mwaka mmoja. Mimi Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Yeye katika chuo cha ufundi pale pale Nyeri. Programu za kompyuta tulizotumia zilikuwa zile zile. Mengine yote yalitofautiana.

Ukuta mweupe

Uingereza, mwaka wa mwisho husimama juu ya mradi mmoja mkubwa unaouchagua mwenyewe. Unapewa wiki nyingi, na kila wiki unabandika ulichofanya ukutani huku wenzako na mwalimu wakikuzunguka. Swali lao ni moja: kwa nini? Kwa nini herufi hizi? Kwa nini kijani? Kwa nini picha iko kushoto? Ukijibu "nimependa tu", umekwisha. Wiki ya pili nilitoka nje nikalia chooni. Kufikia wiki ya nane nilikuwa najiuliza swali hilo mwenyewe kabla hawajafungua mdomo.

Mwezi Mei au Juni huja maonyesho. Kuta hupakwa rangi nyeupe upya, wazazi huja, na wenye kampuni za usanifu hupita wakichukua kadi za wanafunzi. Nje ya chuo kuna maonyesho ya New Designers, yanayofanyika London tangu 1985, na kuna D&AD, chama kilichoanzishwa 1962, ambacho kupitia mashindano yake ya New Blood huwapa vijana maswali yaliyotoka kwa kampuni halisi na kuwatuza washindi penseli. Mwaka mzima umepangwa ili siku ya mwisho ufikishwe mlangoni, ubishe, na mtu wa ndani awe ameshasikia jina lako.

Mradi wangu ulihusu vitabu vya mazishi. Msomaji wa kwetu anavijua: kijitabu chenye picha ya marehemu jaladani, ratiba ya ibada, wasifu, majina ya watoto na wajukuu, na picha za safari yake duniani. Mlima Kenya, mtu hazikwi bila kitabu. Nilikitengeneza upya kwa wiki 12: karatasi ya rangi ya maziwa, herufi nyembamba, kurasa pana zilizoachwa wazi ili huzuni ipate pa kupumulia. Ndivyo nilivyoandika kwenye maelezo pembeni ya kazi yangu. Wageni walisimama kimya mbele yake, na mwanamke mmoja akafuta machozi. Nikapata alama nzuri, na sikuwa nimemzikia mtu yeyote.

Pini na uso wa mzee

Binamu yangu hakuwa na ukuta mweupe. Vyuo vya ufundi vya Kenya hufuata mitihani ya KNEC au, kwa mtaala mpya wa umilisi, tathmini ya TVET CDACC. Mradi wake wa mwisho aliuchapa, akaufunga kwa waya wa plastiki, akaukabidhi, na ukaenda kwenye rundo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kilichomfunza ni atachimenti: miezi mitatu, kitabu cha kumbukumbu cha kujaza kila siku, msimamizi wa chuo kupita siku moja na kutia sahihi.

Wiki ya kwanza alifagia. Ya pili akapewa mashine ya kukatia, na hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo mimi nililisoma kwenye slaidi: picha inayofika ukingoni mwa ukurasa lazima ivuke ukingo kwa milimita 3, la sivyo kisu kikiyumba kidogo tu kinaacha ukanda mweupe. Mimi sheria hiyo niliikariri. Yeye alikata kalenda 200 za kanisa zikatoka na ukanda mweupe, akakatwa mshahara ambao kwanza hakuwa akilipwa: alinyimwa nauli ya wiki nzima.

Likizo ile niliketi naye usiku mmoja dukani. Saa mbili iliingia familia ya watu sita kutoka upande wa Othaya. Mazishi ni keshokutwa. Mzee aliacha wake wawili, na wote wawili walikuwa na wawakilishi mle ndani. Picha zilikuja kwa WhatsApp, zimefifia. Binamu akawaomba wazitume upya kama hati ili zisipoteze ubora. Picha nzuri kuliko zote ilikuwa ya harusi ya jirani, mzee amevaa kofia na tai, na bega la mtu mwingine limeingia pembeni. Akalifuta bega.

Kisha likaja suala lenyewe. Nani atangulie? Binti wa mke mkubwa alisema mama yake ndiye wa kwanza, na huo ndio ukweli. Kijana wa mke mdogo hakusema kitu. Alitazama skrini tu. Shangazi akasema, "Fundi, fanya vile unajua, lakini keshokutwa sitaki maneno."

Binamu alinyamaza kidogo, akaenda kwenye kurasa mbili za katikati ya kitabu, zile zinazofunguka pamoja. Mke mkubwa akamweka kushoto, mke mdogo kulia, picha za kimo kimoja, na mzee katikati yao, juu ya mkunjo wenyewe. Mkubwa ametangulia kwa anayesoma kutoka kushoto. Lakini wote wawili wako ubavuni pa mume wao, kwenye karatasi moja. Shangazi akatikisa kichwa kukubali.

Mimi nikaona kosa, na nilijisikia mjanja. Kitabu cha kukunja hupigwa pini katikati: pini mbili, moja juu na moja chini. Nikamnong'oneza, "Pini itamchoma mzee usoni." Akachukua rula ya chuma, akaiweka juu ya skrini, kisha juu ya kijitabu cha zamani kilichokuwa mezani. "Dada, nishapima. Moja inapita juu ya kofia, nyingine chini ya tai." Na ndivyo ilivyotoka. Usiku wa manane nakala 200 zilikuwa zimefungwa kwa boksi, kurasa 12 kila moja, maana kurasa za kitabu cha aina hiyo lazima zigawanyike kwa 4 na wasifu ulipunguzwa aya mbili ili zitoshe.

Kule Leeds, kurasa zile mbili zingejadiliwa asubuhi nzima. Pale Nyeri ziliingia kwenye risiti hivi: "Kuchapa, nakala 200." Kazi ya kichwa haikutajwa. Ukutani palikuwa pameshasema kwamba ni bure.

Tumelipia karatasi

Siku chache baadaye nilimwachia muundo wangu, ule ulioliza watu Leeds, aujaribu kwa mteja. Aliuonyesha kwa mama mmoja wa Karatina aliyefiwa na kakake. Mama akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, akauliza, "Hapa mbona ni kweupe? Wino umeisha?" Binamu akamweleza kwamba ni nafasi ya kupumulia. Mama akasema, "Kijana, hii karatasi tumelipia."

Niliposimuliwa nilikasirika, kisha nikafikiri. Kitabu kile hakiishi kwenye maonyesho. Kitapitishwa mikononi chini ya hema, kitatiwa ndani ya Biblia, na miaka kumi baadaye mjukuu atakifungua kutafuta jina lake. Jina likikosekana, hakuna nafasi nyeupe itakayomfariji. Herufi zangu nyembamba asingeweza kuzisoma cucu (bibi) yeyote asiye na miwani. Kwa wiki 12 niliulizwa "kwa nini" na watu wasiowahi kushika kitabu cha mazishi. Swali lilikuwa zuri, ila waliouliza hawakuwa wenye msiba.

Hata hivyo sikubali kwamba mama ana haki yote: mchoro mdogo nao huweza kusema mengi. Ukitoka dukani, panda hadi makaburi ya kanisa la St Peter's pale Nyeri. Kuna kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyemalizia maisha yake katika nyumba ndogo ya Paxtu kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan na kufariki Januari 8, 1941. Kwenye jiwe lake kuna alama ya njiani ya maskauti: duara lenye kitone katikati. Maana yake: nimekwenda nyumbani. Mwingereza aliyefia ughaibuni, na ughaibuni kwake ndiko nyumbani kwetu. Nilimpeleka binamu akaitazame. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Huyu angekuja kwetu, tungemwambia hapo palipobaki tuweke maua." Tukacheka, lakini aliipiga picha.

Mlango na dari

Watu wa nyumbani hudhani kwamba mlango nilioutaja ulifunguka. Haukufunguka upesi. Viza yangu ya wahitimu, aina iliyoanzishwa Julai 2021, ilinipa miaka 2 ya kutafuta na kufanya kazi. Nilituma maombi, nikasifiwa, kisha likaja swali la mwisho: viza ikiisha, nani atakufadhili? Kampuni ndogo, ambazo ndizo huchukua vijana, nyingi hazina leseni ya kufadhili mfanyakazi mgeni. Kwa miezi saba nilipanga maboksi ghalani usiku, na mchana nilisafisha jalada la kazi zangu. Wakati huo binamu, ambaye cheti chake hakikuwa kimetoka, alikuwa amejenga kibanda cha kuku kwa pesa za uchapishaji. Hakuna aliyewahi kumuuliza cheti. Walimuuliza kitabu kitatoka saa ngapi.

Lakini nilipopata kazi nililipwa kwa kufikiri. Kampuni yetu haina mashine ya kuchapia hata moja. Mteja hulipia saa zetu, kisha huenda kuchapisha kwingine. Nyeri, Karatina, Kerugoya, Nanyuki, mtindo ni ule mmoja: fedha inatoka kwenye karatasi, turubai, kikombe na fulana, mchoro ni nyongeza, kama kachumbari. Kazi kubwa inayohitaji mashine kubwa hutumwa Nairobi kwa simu, nayo hurudi asubuhi ndani ya matatu kama kifurushi. Dizaina akifika hapo amefika darini. Hawezi kuongeza bei ya karatasi kumshinda jirani, na kipaji chake hakina mstari kwenye risiti. Anangoja msimu: harusi za Desemba, kalenda, na uchaguzi mkuu, ambao unaofuata ni Agosti 2027, wakati kila anayetaka kuwa diwani atataka uso wake kwenye kila mlingoti.

Jambo hili lilinikaa kooni siku moja ndani ya mkahawa mmoja Leeds. Kwenye rafu kulikuwa na pakiti ya kahawa ya gramu 250, imeandikwa Nyeri AA. Kwetu AA ni daraja la ukubwa wa punje. Kule imekuwa pambo. Mlima umechorwa kwa mistari mitatu, rangi ya udongo mwekundu iliyotulia, nafasi nyeupe tele. Ilikuwa kazi nzuri, na mtu alilipwa kuifanya. Ile kahawa ilitoka kwetu ikiwa buni ndani ya gunia la kilo 60, lenye maandishi meusi ya kupiga muhuri. Tunauza buni, wenzetu wanaichoma, wanaichora, wanaiuza. Kwenye karatasi ya ukutani pale dukani tunafanya vivyo hivyo: tunauza kilichopimwa kwa kilo na rimu, na kinachokipa thamani tunakitoa bure.

Mstari wa kwanza

Sina dawa ya nchi nzima. Kwa vyuo vya huko nyumbani ningeomba jambo moja lisilohitaji bajeti: mwisho wa mwaka, kazi zitundikwe ukutani badala ya kwenda kwenye rundo, na waitwe wachapishaji wa mjini, meneja wa kiwanda cha chai, karani wa ushirika wa kahawa, mchungaji na shangazi mmoja wa Othaya. Wao ndio waulize "kwa nini". Mwanafunzi akiweza kumjibu shangazi, ataweza kumtoza.

Kwa binamu nilishauri aondoe ile karatasi. Akanicheka. Duka si lake, na duka la pili kushoto lina karatasi kama hiyo, yenye herufi kubwa zaidi. Badala yake alimwomba mwenye duka kitu kidogo: risiti za wateja wa nembo na vitabu ziwe na mistari miwili. Mwenye duka alikubali kujaribu, mradi jumla isipande sana.

Mwezi uliopita alinitumia picha ya risiti ya kwanza. Mstari wa juu: Usanifu, 1,000. Wa chini: Kuchapa nakala 150, 10,500. Mteja, anasema, aliusoma mstari wa juu mara mbili, akauliza ni wa nini. Binamu akamfungulia kurasa za katikati na kumwonyesha pini zimepita wapi, na kwa nini. Mteja akafikiri, akaomba apunguziwe. Wakapatana 600.

Ile 1,000 imekatwa kwa kalamu na 600 imeandikwa pembeni yake. Neno "Usanifu" halikukatwa.